Mjomba Tuliyemkuta Lodwar

Mama alimkasirikia mjomba kwa zaidi ya miaka ishirini. Alikuwa kaka yake pekee. Walikimbia vita pamoja kutoka Sudan, wakapewa kibanda kimoja katika kambi ya Kakuma, na ndimo nilimozaliwa. Nilikuwa na miaka mitano hivi mjomba aliposema anakwenda Lodwar kutafuta kibarua. Hakurudi. Nikimuuliza mama, alijibu, "Amepata bibi huko, ametusahau," kisha akabadilisha mazungumzo.

Mwaka juzi ilitangazwa kanisani kwamba wenye jamaa waliopotea wafike zahanati kupimwa DNA. Lodwar kulikuwa na mifupa iliyozikwa zamani bila majina, na wataalamu walitaka kuilinganisha na ndugu walio hai. Mama hakutaka kwenda. Nilimbembeleza wiki nzima. Muuguzi alipomwomba afungue mdomo ili apitishe pamba ndani ya shavu, mama alishangaa.

"Sasa kaka yangu anaweza kuwa ndani ya mdomo yangu?"

"Kidogo, mama. Kuna kitu wazazi wenu waliwapa nyote wawili, na kwenye mifupa bado kipo."

Mama akaachama hadi nikaona magego yake.

Miezi ikapita, kisha simu ikaita: tufike hospitali ya Lodwar. Tulitafuta kibali cha kutoka kambini, na mama akavaa gauni la Pasaka nililomshonea kwa cherehani yangu mwenyewe. Nje ya ofisi tulimkuta mwanamke mdogo kwangu kwa miaka kadhaa, shingo imejaa shanga za Kiturkana, mtoto mgongoni. Afisa alituita ndani sote watatu. Nilidhani amekosea.

Hakukosea. Alitueleza kwamba wachimba mchanga waliikuta mifupa hiyo kando ya mto Turkwel, ikazikwa kwa namba tu. Sasa vipimo vimeonyesha kuwa marehemu alikuwa kaka wa mama yangu, na baba wa yule mwanamke. Inaelekea alichukuliwa na maji.

"Haiwezekani," mwanamke akasema. "Baba alikuwa Mturkana wa Lokichoggio."

"Lokichoggio!" Mama alicheka hata akashika meza. "Alilala Lokichoggio siku moja tu, tukiwa juu ya lori kutoka Sudan!"

Ikabidi mama amweleze. Sisi ni Watoposa. Lugha yetu na Kiturkana zinasikilizana, lakini watu wetu na Waturkana wameibiana ng'ombe sana. Huenda mjomba aliogopa kusema kwao ni wapi, na kwa kuwa aliongea kama wenyeji, hakuna aliyemshuku.

Mwanamke akaanza kulia. "Mamangu alikufa akisema ametuacha, amerudi kwa watu wake."

"Na mimi nilisema ametuacha, amekaa na nyinyi," mama akajibu polepole.

Walitazamana. Nikaona uso wa mama ukilegea, kama mtu aliyetuliwa mzigo wa kuni. Akasimama, akanyoosha mkono, akamsalimu upya: "Ejok." Kuanzia hapo wakaongea kwa lugha yao, kwa kasi, wakishikana mashavu, wakilinganisha vidole na masikio. Mtoto akahamia mgongoni kwa mama yangu.

"Samahani," afisa akasema, "kuna fomu za kutia sahihi."

"Ngojea kwanza," mama akamwambia. "Naongea na mtoto wangu."

Tuliweka msalaba wenye jina lake juu ya kaburi. Nilidhani tutalia siku nzima, na kweli tulilia asubuhi. Lakini mume wa binamu yangu alichinja mbuzi wawili, majirani wakaja na nyimbo zao, na mama, ambaye hulalamikia magoti kila siku, aliruka pamoja nao mpaka vumbi likamfika kiunoni.

Krismasi iliyofuata binamu alikuja Kakuma na watoto watatu na gunia la samaki wakavu wa ziwani. "Shangazi!" aliita kabla hajafika mlangoni. Mama alimkamata mkono, akamzungusha nyumba hadi nyumba, kwa Wakongo, kwa Wasomali, kwa kila aliyemjua, akitangaza, "Huyu ni wa kaka yangu! Tazameni hii paji!" Walirudi jua likizama. Mimi, bintiye wa kuzaa, nilikuwa jikoni tangu mchana nikiparua samaki.