Daftari la Tuda lanusurika jikoni

MIDELT. Saa kumi na mbili na robo asubuhi, Lalla Itto Ubasu anainua godoro la nne na kukuta alichojua atakikuta: riwaya nene, imefichwa vibaya kiasi kwamba nusu yake inachungulia nje.

"Yamna, hata kuficha hujui?"

"Nimekosa, Lalla. Utaisoma lini?"

Lalla Itto anashusha pumzi na kukitia kitabu kwapani. Ni cha kumi na moja mwezi huu.

Mama huyu wa miaka 57, ambaye wasichana humwita "Lalla" kwa heshima, ni matroni wa bweni la wasichana katika sekondari moja nje kidogo ya mji. Kwa mshahara wa dirhamu 3,100 kwa mwezi, anatawala taifa la raia tisini na wawili: anawaamsha, anahesabu shuka, anawasha jiko la kuni, anasikiliza kesi za soksi zilizopotea. Sheria inamtaka pia ataifishe kitabu chochote kisicho cha masomo na kukirudisha shule ikifungwa mwezi Juni.

Sheria haikusema asivisome.

"Mwanzoni nilisoma nione kama kuna mambo ya aibu," anasema. "Mimi niliishia darasa la sita. Miaka kumi na tisa sasa, aibu nimeiona mara mbili tu. Ya kuchosha ndiyo mengi."

Ndani ya kila jalada huacha karatasi yenye maoni yake kwa penseli. Kuhusu riwaya ya mapenzi aliyoimaliza juzi: "Mume anaondoka ukurasa wa mia mbili. Angeondoka ukurasa wa kumi, tungelala sote." Kuhusu ya upelelezi: "Mpelelezi hali, halali, habadilishi shati. Mimi ningeanza kumkamata yeye." Kuhusu kijitabu cha mashairi: "Nimekisoma mara mbili nikiwa nimesimama."

Karatasi hizo zimemponza. Siku hizi raia wake wanafanya kila juhudi wakamatwe.

"Mimi si hakimu wa vitabu," analalamika, akisugua macho. "Nina mafua, nina shuka tisini na mbili za kufua, na huyu anakuja kuniuliza kwa nini sikumpenda bwana harusi."

Siku moja ya kufua, mwezi uliopita, uchovu ulimshinda. Alikuta kwa Tuda Amhidar, mwenye miaka 16, daftari lililovishwa jalada la kitabu cha mapishi. Ndani mlikuwa na hadithi ndefu iliyoandikwa kwa mkono. Akadhani imenakiliwa mahali. Alisoma kurasa thelathini huku kichwa kikianguka, akaandika: "Watu wote humu wanalia. Nimeacha." Kwa kuwa lilikuwa daftari tu, akalirudisha siku hiyohiyo.

Hadithi ilikuwa ya Tuda mwenyewe. Miaka miwili ya kazi, nakala moja.

"Vingine vyote nilivimaliza, hata vibovu," anasema Lalla Itto. "Cha kwake tu ndicho nilichokiacha njiani."

Tuda hakulalamika. Aliacha kuandika, akaacha na kumsalimia. Jumatatu iliyopita, baada ya chai, alifungua mlango wa jiko la kuni, akalielekeza daftari motoni. Kona ya jalada ilikuwa imeshashika moto matroni alipofika mbio, ndoo mkononi.

"Lete hilo."

"Langu, Lalla. Nikitaka nalichoma."

"Ni la masomo?"

"Si la masomo."

"Basi nimelitaifisha. Mpaka Juni ni langu, na kitu changu hakichomwi."

"Si ulisema umeacha?"

"Nilikuwa nimechoka. Hata sasa nimechoka, lakini nitasoma."

"Usinionee huruma."

"Huruma ya nini? Mbona wanalia kweli!"

Bweni zima lilicheka. Tuda hakucheka, ila aliliachia.

Tangu hapo Lalla Itto anasoma kila mchana, wasichana wakiwa darasani. Je, safari hii atalisifu, ili kurekebisha mambo?

"Nikisifu bure atanusa. Yule ana pua."

Juzi alifika mahali ambapo bibi anamenya viazi siku ya mazishi ya mwanawe, akigombana na jirani kuhusu maganda. "Huyo halii," anasema. "Nikarudia kusoma. Birika likakauka jikoni."

Alhamisi, kwenye foleni ya supu ya dengu, Tuda alinyoosha bakuli bila kumtazama.

"Umefika wapi?"

"Sabini na moja. Usiniharakishe."

"Sabini na mbili ni mbaya, Lalla. Iruke."

"Siruki kitu. Songa, wenzako wana njaa."

Zimebaki kurasa arobaini. Jumapili ni siku yake ya mapumziko, ambapo huenda kwa binti yake. Safari hii amempigia simu kwamba haji.

"Nitamaliza, nitaandika ninachokiona, kizuri na kibaya, na nitampa mkononi bila kungoja Juni," anasema. "Halafu nitalala."