Kurasa za Katikati

Mwanangu, nakumbuka siku moja ambayo hata leo, na mvi hizi zote, nikiiwaza nashika kichwa. Imenirudia jana nilipokuona wewe, mwalimu mpya, ukiwatumia watoto picha za kurasa za kitabu cha shindano kwenye simu za wazazi wao: huyu mwanzo, yule katikati, yule mwisho. Hebu keti kidogo.

Nilikuwa darasa la sita, hapa hapa shule ya Mapendo. Shule yetu iliingia shindano la maswali ya vitabu vya watoto, na kitabu tulikuwa nacho kimoja tu. Mwalimu wetu, kijana mwenye bidii kama wewe, alisema kidole kimoja hakivunji chawa, akakifumua na kutugawia kurasa. Mimi nilipata za katikati: msichana mdogo anapotezana na mama yake sokoni. Rafiki yangu Paluku alipata za mwisho. Zangu nilizikariri hata rangi ya kitenge cha yule mama, nikajiona profesa, Mungu anisamehe.

Jioni nilimsomea bibi yangu, aliyekuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo. Mchi ukasimama.

"Na ule mutoto, alimupata mama yake?"

"Sijue, Koko. Ile ni ya Paluku."

Akanitazama kana kwamba nimemtukana. "Mutoto amepotea, na weye unalala tu? Hauulize?"

Nilicheka. Wazee hawa, nikasema moyoni, wanajua nini kuhusu mashindano? Asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

Siku ya shindano ukumbi wa parokia ulijaa. Tulijibu vizuri mpaka likabaki swali moja, la Paluku, nasi tuko sawa na shule nyingine. Kwa nini msichana alilia mama yake alipompakulia maharagi? Paluku alijua sahani ilikuwa ya bluu. Alijua maharagi yaliungwa kwa mawese. Kwa nini alilia, hakujua. Akajaribu: "Labda yalikuwa ya moto?" Watu wakaangua kicheko, na kombe likaenda kwa wengine.

Lakini si hilo lililonishtua, mwanangu. Tukirudi kupitia mtaa wa Birere, nilimsimulia Paluku kurasa zangu kwa hasira. Akasimama katikati ya barabara, pikipiki zikimpigia honi, mikono kichwani.

"Kumbe alikuwa amepotea!" Machozi yakamtoka pale pale. "Mimi nilizania ni mutoto wa kiburi, anakataa chakula. Nilikuwa namuchukia!"

Mimi niliyejua amepotea sikuuliza kama alipatikana. Yeye aliyemwona amepatikana alimchukia. Kitabu kizima tulikikariri, na hakuna aliyemhurumia.

Basi wasomee watoto kitabu chote kwanza, kwa sauti. Waache wacheke, waache wakukatize. Kuuliza si ujinga. Maswali uyagawe baadaye. Mkamia maji hayanywi, na kombe ukilikamia sana utawapoteza watoto. Nawe mwenyewe jihadhari, kwa maana darasani mwako wamo waliotoka kambi za waliokimbia vita kule Kanyaruchinya, na wapo watu mjini humu wanaowahukumu kwa ukurasa mmoja tu. Kabla hujamwita mtoto mkaidi, muulize alikotoka.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe masikio yenye subira, na mtoto yeyote aliyepotea akukute wewe njiani.