Mama Yako Amekuja

Niliondoka Kang'ata kwa sababu mama alikuwa akiumwa kifua, na nyumbani hapakuwa na mtu wa kukaa nami. Ilikuwa miaka ile ya ujamaa. Tulikuwa tumehamia kwenye kijiji kipya, nyumba zimepangwa mstari kama madawati, na baba alikuwa akishinda kwenye shamba la kijiji tangu asubuhi hadi jua linapopoa. Mama alikuwa amelazwa Korogwe tangu baada ya mavuno. Mimi nilikuwa darasa la tatu.

Jioni moja baba alikaa kwenye kigoda, akavua kofia yake, akasema, "Zubeda, utakwenda Lutindi kwa mama yako. Utasoma huko."

"Mama si yuko Korogwe?"

"Mama yako mkubwa, nasema. Dada yake mama. Huyo naye si mama yako?"

Kwetu dada yake mama ni mama, hilo nililijua. Lakini huyu nilikuwa nimemwona mara moja tu, harusini, nikiwa mdogo. Nilichokumbuka kwake ni sauti kubwa na kanga ya njano. Alikuwa ameolewa na Msambaa, akaenda milimani, na safari ya kushuka ilikuwa ndefu.

Asubuhi ya safari bibi mzaa mama, aliyekuja kutoka kijijini kwake kutuaga, alinifungia muhogo wa kuchemsha kwenye jani la mgomba. Tulipanda lori lililokuwa likipeleka mahindi ya kijiji, mimi na baba juu ya magunia. Kabla ya kufika Handeni tulisimamishwa na ng'ombe waliojaa barabara nzima. Dereva akatoa kichwa, akamwambia Mmasai aliyekuwa akiwachunga, "Mzee, hawa ng'ombe wako wana leseni?"

"Wanayo," Mmasai akajibu bila kuharakisha hatua. "Wewe lori lako lina maziwa?"

Watu wote juu ya magunia walicheka. Baba naye alicheka, na mimi nilimtazama, kwa maana ulikuwa muda mrefu sijamwona akicheka. Nikadhani labda mambo si mabaya sana.

Handeni mjini tulibadilisha gari. Adhuhuri tukawa Segera, pale barabara zinapokutana. Wauza machungwa walizunguka gari wakipiga kelele. Baba alinunua fungu moja, akaniambia nichague yale ya kumpelekea mama. Nilichagua kwa muda mrefu, nikiyabonyeza moja moja, mpaka muuzaji akaniuliza kama nataka kuyaoa.

Kutoka Segera mashamba ya katani yalipita pande zote mbili, mistari na mistari, na nikasinzia begani kwa baba.

Korogwe tulifika jua likiwa bado kali. Muuguzi mmoja, mama mnene mwenye sauti ya upole, alimwambia baba kwamba watoto hawaingii wodi ile kwa sababu ya kile kikohozi. "Lakini mzungushe nyuma," akasema. "Dirisha la mwisho. Mama yake nitamkalisha."

Nikasimama nje kwenye nyasi. Mama alitokea dirishani akiwa amejifunga kanga mabegani. Shingo yake ilikuwa nyembamba kuliko nilivyoijua.

"Mbona umekonda hivyo?" akaniuliza.

Baba akasema, "Hebu msikie! Nani amekonda hapa?"

Mama akacheka, kisha akakohoa, akageuka upande wa pili mpaka kikohozi kikaisha. Baba alimpitishia machungwa kwenye nondo za dirisha. Alichukua moja akalinusa.

"Ya Segera haya. Si yana uchachu?"

"Nimechagua mimi," nikasema.

"Basi ni matamu." Halafu akaniita nisogee. "Ukifika Lutindi, dada yangu umwite mama. Usimwite mama mkubwa kila saa, ataona umekuja kama mgeni. Mwite mama, umesikia?"

"Na wewe nitakuita nani?"

Aliligeuza lile chungwa mkononi. "Mimi utaniita nikirudi," akasema.

Siku hiyo hiyo tulipata gari la kuelekea Mombo, tukashuka njiani, tukaanza kupanda kwa miguu. Sijawahi kuona njia kama ile. Kwetu mtu anatembea mbele. Kule mtu anatembea juu. Kulikuwa na migomba kila mahali, maji yakishuka kando ya njia, na kadiri tulivyopanda ndivyo baridi ilivyoniingia kwenye gauni langu la Kang'ata. Baba alinivika koti lake, likawa linaburuta chini.

Mama mkubwa alitupokea uani. Sauti ilikuwa ile ile. "Mwanangu huyu! Karibu mwanangu, karibu! Tazama anavyotetemeka, mleteni motoni!"

"Shikamoo," nikasema, nikaishia hapo. Nililisikia lile neno la pili likikaa mdomoni, likakataa kutoka. Kesho yake baba alirudi Handeni. Na kila asubuhi tangu siku hiyo nilimwamkia dada yake mama shikamoo tupu, na yeye aliitika, "Marahaba, mwanangu," kama vile hakikupungua kitu.

Shuleni nilipelekwa na mumewe, baba mkubwa, mtu mrefu asiyependa maneno. Mwalimu aliniuliza mbele ya darasa, "Unakaa na nani?"

"Na dada yake mama."

Darasa zima likacheka. Mtoto mmoja wa kike, Salima, akasema kwa sauti, "Si useme mama! Dada yake mama ni nani, jirani?"

Basi wakanipa jina la Mnyika, kwa sababu Wasambaa huita nyika kule tambarare tunakotoka sisi. Nikiteleza kwenye tope, Mnyika. Nikitamka neno la Kiswahili kwa lafudhi ya Kizigua, Mnyika. Salima ndiye aliyezidi, na ndiye aliyekuwa akikaa nami dawati moja.

"Kwenu kuna simba?" aliniuliza siku moja tukichukua majembe kwenda shamba la shule.

"Wapo."

"Na wakakuacha?"

"Wakaniacha."

"Basi nyama yako mbaya," akasema, akaniazima sweta lake mpaka saa ya kurudi nyumbani.

Nilijifunza kupiga matuta kwenye mteremko bila kuanguka, kulala na mablanketi mawili, na kula ndizi mbichi za kupikwa siku nne mfululizo. Mama mkubwa alinisuka nywele kila Ijumaa. Vidole vyake vilifanana na vya mama, hata namna ya kukigeuza kichwa changu kwa kidevu. Nilikuwa nikifumba macho anaponisuka. Sikulia. Nilikuwa nikifumba macho tu.

Kila baba mkubwa aliposhuka Korogwe sokoni, nilimngoja njiani, na swali langu lilikuwa moja. Siku moja alirudi akitabasamu, jambo ambalo si lake. "Mama yako amekaa kitandani mwenyewe," akasema. "Ameomba ugali na mlenda. Anasema chakula cha pale hakina mlenda." Usiku ule niliwaza mama akishuka garini na kupanda ile njia, na mimi nikimwonyesha mahali pa kukanyaga.

Siku chache baadaye, saa ya kazi, tulikuwa shamba la shule tukipalilia maharage. Salima alikuwa ametumwa ofisini kuchukua ndoo. Nilimwona akirudi mbio kwenye mteremko, akipunga mkono.

"We Mnyika! Mama yako amekuja! Yuko kwa mwalimu!"

Salima hakukosea. Alisema kama anavyosema kila mtu wa kwetu na wa kwao. Lakini mimi nililitupa jembe, nikakimbia. Nilipita katikati ya maharage ya watu, mwalimu wa zamu akaniita, sikusimama. Sijui kama nimewahi kufurahi vile tena maishani mwangu. Nilikuwa nasema neno lenyewe njia nzima, mama, mama, kwa kila hatua, kama mtu anayehofia kulisahau kabla hajafika.

Mbele ya ofisi alisimama mama mkubwa. Alikuwa amejifunga kanga kiunoni na nyingine kichwani, na mkononi ana kifurushi changu cha nguo. Nilimpita pembeni. Nilikwenda nyuma yake, nikatazama, nikadhani amemleta, amemwacha akipumzika mahali. Nilizunguka hata kona ya ofisi. Nyuma kulikuwa na matofali yaliyopangwa, basi.

Niliporudi alikuwa amechuchumaa, na mwalimu amegeukia ukutani.

"Twende nyumbani, mwanangu," akasema.

"Nyumbani wapi?"

"Kang'ata."

Nikakichukua kifurushi changu mkononi mwake.

Tuliposhuka mlima hakuwa na ile sauti yake kubwa. Alizungumza mara moja tu, pale njia inapokuwa nyembamba na lazima mmoja atangulie. Alisema bila kugeuka, "Mimi ndiye niliyembeba mdogo wangu mgongoni. Bibi yako akienda shamba, mimi ndiye niliyebaki naye. Alikuwa akiniita mama, mpaka watu wakamcheka akaacha."

Kang'ata tulifika alasiri ya siku ya pili. Baba alikuwa ametangulia na lori lililomleta mama kutoka Korogwe, na mama alikuwa amekwisha kuzikwa. Wanawake walikaa kwenye mikeka kutoka mlangoni mpaka uani. Bibi alitushika wote wawili kwa pamoja, mimi na mama mkubwa, akawa anasema, "Watoto wangu, watoto wangu."

Baada ya hitima wazee walikaa kuamua nitaishi wapi. Bibi alitaka nibaki. Baba alitazama chini. Mama mkubwa akasema, "Aulizwe mwenyewe."

Nilisema nitarudi Lutindi. Walidhani ni kwa ajili ya shule, wakanisifu, na sikuwasahihisha. Sababu yangu ilikuwa nyingine, na naiandika hapa kama ilivyokuwa. Kang'ata mama alikuwa amekufa. Kinu kilikuwepo na yeye hayupo, njia ya kisimani ipo na yeye hayupo, na kila aliyeniona alinipa pole. Lutindi, ukungu ukiinuka, mtu anayesimama uwanja wa shule huliona bonde lote mpaka upande wa Korogwe. Pale juu niliweza kutazama chini na kumwacha alipo, amekaa kitandani, anaulizia mlenda.

Nilifanya hivyo kwa muda mrefu. Dada yake nilianza kumwita mama katikati ya siku hizo, siku gani sikumbuki. Pengine nilikuwa nikiomba chumvi. Wengine husema safari ile ilinifundisha kustahimili. Sijui. Nilichojifunza ni kwamba mtu unayemtamani unaweza kumtafutia mahali pa kukaa, ukaenda kutazama upande ule, halafu kengele ikilia ukaingia darasani.