Mabwana wa Babu

Juzi pale Hamugembe nilisikia harufu ya ndizi mbivu zikikanyagwa pamoja na nyasi ili kupata lubisi, pombe yetu ya ndizi, nikamkumbuka babu. Alikuwa sajini mstaafu. Katika vita kuu ya kwanza aliwapigania Wajerumani, katika ya pili akawapigania Waingereza. Alasiri moja ya utoto wangu alikuwa ndani ya mtumbwi wa kukamulia ndizi, akikanyaga kwa hatua za gwaride.

Mimi nilikuwa nalia. Katekista alikuwa ametuonya kuhusu mtu mwenye mabwana wawili, nami nikaamini babu hataingia mbinguni.

“Babu, tubu,” nilimwambia. “Uliwatumikia wawili.”

Alicheka mpaka povu likamrukia magotini. “Mjukuu wangu, wale waliniamuru kutembea na kulala. Rozari niliisali bila amri ya mtu.”

Nikafuta machozi. Mara bibi akapaza sauti kutoka jikoni: “Sajini! Unakanyaga au unahubiri?”

“Nakanyaga, mama!” Babu akanyoosha mgongo, akaongeza mwendo.

Leo namshukuru Mungu kwa ndoa ile iliyojaa furaha. Lakini siku ile nilianza kulia upya, maana kumbe mabwana walikuwa watatu.