Mama Mwinjilisti wa Kitaya

Mwaka wake wa kwanza Kitaya, Elizabeti alipanda viazi mviringo, vikaoza vyote ardhini. Mbegu alizibeba mwenyewe kutoka kwao Njombe, ndani ya kapu, safari nzima ya lori, amezifunika kitenge kama anayefunika mtoto mchanga. Alikuwa binti wa mkulima. Baba yake alilima ngano na njegere kwenye miteremko yenye baridi ya Ubena, na Elizabeti alishika jembe kabla hajashika kalamu. Lakini huku, kando ya mto Ruvuma, udongo ulikuwa wa moto, unaunguza nyayo.

Jirani yake Somoe, mke wa Athumani, alimkuta akifukua ule uozo.

"Mama Mwinjilisti, hivyo ulivyofukia ni vitu gani?"

"Viazi."

"Basi umevizika, mwenzangu. Hukuvipanda."

Elizabeti alikuwa karibu kulia, akajikuta anacheka. Kesho yake Somoe akaja na mzigo wa vijiti vya muhogo kichwani, wakashinda kutwa wakivipanda. Tangu siku hiyo haikupita asubuhi bila mmoja kupiga hodi kwa mwenzake.

Mume wa Elizabeti, Danieli, alikuwa mwinjilisti. Kanisa lao lilimtuma kusini mwaka ule wa Azimio la Arusha, ahubiri katika vijiji vya mtoni. Alikuwa mtu mwembamba, mpole, mwenye baiskeli iliyochakaa na sauti nzuri ya kuimbia. Watu wa Kitaya walimpenda, wakamkaribisha chai, wakamsikiliza kwa adabu, kisha adhana ikilia wakanyanyuka kwenda msikitini. Jumapili ibada ilikuwa ya mwalimu wa shule na familia yake, askari wawili wa mpakani, na Elizabeti na wanawe, Agnes na Josephu. Danieli alirudi nyumbani ameinamisha kichwa. Elizabeti alimsogezea ugali wa muhogo na kisamvu. Yeye hakuona kama wameshindwa. Muhogo wake ulikuwa umeshika.

Masika ya mwaka wa tatu, Danieli aliitwa mkutanoni Mtwara mjini. Nyuma yake mvua ikamwagika, barabara ikakatika, na Josephu akashikwa na homa. Alikuwa na miaka saba, mtoto wa kupenda kuku. Elizabeti alimkanda kwa maji, Somoe akamchemshia mwarobaini, Athumani akavuka matope kwenda kumtafuta mganga wa zahanati. Waliporudi pamoja, mtoto alikuwa amekwisha kata roho mikononi mwa mama yake.

Asubuhi Athumani alipiga hodi, akasimama mlangoni hajui aanzie wapi.

"Shemeji, Mungu akupe subira. Joto hili halingoji, na Mwinjilisti hana pa kupita. Kaburi tutachimba sisi. Ila maneno ya dini yenu hatuyajui."

"Maneno ninayo mimi," alisema Elizabeti.

Pale Kitaya wanawake hawakuwa na desturi ya kufuata jeneza. Siku ile wanaume walimpisha apite. Alisimama ukingoni mwa kaburi na kitabu cha sala cha mumewe, akakifungua, herufi zikamchezea machoni. Akakifunga. Akaanza kusema kwa Kibena, polepole, lugha ambayo pale hakuna aliyeijua zaidi yake na Agnes, aliyekuwa amebaki nyumbani. Kila aliponyamaza kuvuta pumzi, wanaume wakaitikia, "Amin." Mvua ilikuwa imeanza tena. Alipogeuka aliwaona wanawake wa kijiji kizima kule mwisho wa shamba la mihogo, mpaka ambao kwa desturi yao wasingeuvuka, Somoe mbele yao, kanga zimewalowa mwilini. Walikuwa wamesimama muda wote, wakimngoja.

Danieli alifika kaburi limekwisha zungushiwa miiba. Alipiga magoti pale, akainuka na macho makavu, na kwa miezi kadhaa hakuimba. Jioni moja alimkuta Elizabeti uani akimenya mihogo.

"Nataka kuomba uhamisho, Mama Agnes. Turudi kwetu. Nchi hii imemla mtoto wetu, na mimi sijabatiza hata mtu mmoja."

Elizabeti aliendelea kumenya. "Ukiomba, waambie na mkeo amekataa."

"Unakataa wito?"

"Wito ni wako, Baba Agnes. Mimi nilikufuata wewe. Lakini sasa nimefika." Aliweka kisu chini. "Watu hawa wamenizikia mwanangu, mvua ikiwanyeshea. Niwaage niwaambie nini? Kwamba hamkubatizwa, kwa hiyo tunaondoka?"

Danieli alikaa kwenye kinu kilicholala pale, akafunika uso. Ndipo alipolia, mara ya kwanza tangu msiba. Elizabeti akaosha mikono, akakaa karibu naye mpaka akanyamaza. Uhamisho haukuombwa.

Ilipofika Operesheni Vijiji, watu wao wakahamishwa kutoka bondeni, wakajenge kwa mistari kando ya barabara. Somoe aliacha mikorosho aliyoipanda akiwa mwari. Elizabeti aliacha kaburi. Hawakulizungumza hilo sana. Ila kila msimu wa korosho, alfajiri, walijitwika vikapu wakarudi wawili kwenye mahame, kijiji chao cha zamani. Elizabeti akishapalilia kaburi la mwanawe, humsaidia Somoe kuokota korosho, kisha hukaa kivulini wakinyonya mabibo, maji yakiwachuruzika viganjani.

Siku moja Somoe akauliza, "Ndugu yangu, siku ile pale kaburini ulisali sala gani? Ilikuwa nzuri mno."

Elizabeti alitazama bibo lake. "Haikuwa sala. Nilimwambia alale, kuku wote wamekwisha fungiwa. Alikuwa halali mpaka nimwambie hivyo. Nikamtaja kila kuku kwa jina lake."

Somoe aliweka bibo lake chini. "Na wanaume wote wale wakaitikia amin?"

"Kila kuku."

Kicheko kiliwapasuka kwa pamoja. Walicheka hadi vikapu vikapinduka, wakacheka wakishikana mabega, na hawakujua ni wakati gani kicheko kiligeuka kilio. Walirudi jioni macho yamevimba. Danieli alipouliza kulikoni, waliambiana kwa macho, wakasema ni utomvu wa korosho.

Danieli alifariki mwishoni mwa miaka ya sabini, akiwa amebatiza watu wachache, wengi wao wageni kama yeye. Athumani aliongoza kuchimba kaburi. Wakati huo Agnes alikuwa mwalimu Mtwara mjini, na akamchukua mama yake akae naye Shangani, kando ya bahari. Elizabeti alivumilia miezi miwili.

"Pazuri pa kutembea jioni," alisema. "Lakini mtu analima wapi hapa?"

Wakahamia Mtawanya, pembezoni mwa mji, kwenye kiwanja chenye nafasi. Alipanda muhogo, mbaazi na mikorosho minne. Alikula korosho zake mwenyewe, akazeeka, akawaona wajukuu wakioa. Ndugu zake wa Njombe walimwita arudi. Akawasalimu kwa upendo, akawapa korosho, akabaki. Somoe alikuja kila mwaka kwa lori, akakaa wiki nzima, wakibishana juu ya chumvi ya kisamvu.

Elizabeti alikufa asubuhi, amelala, jembe likiwa bado na udongo mbichi wa jana. Nyumba ilijaa. Agnes alikuwa mbio na birika, huku chai, huku mikeka, macho yake makavu, mpaka Somoe, sasa bibi kizee wa mkongojo, alipomzuia mlangoni na kumpokonya lile birika.

"Kaa chini, mwanangu."

"Mama mdogo, wageni hawajanywa chai."

"Watakunywa. Mimi niko hapa. Wewe leo ni mfiwa, kaa umlilie mama yako."

Agnes akakaa mkekani kati ya wanawake waliotoka Kitaya, akamlilia mama yake.