Aliniomba Nimsitiri, Nikamwanika

Nimekosa. Sitaki kulizungusha neno hili wala kulipamba. Kuna mtu aliniomba jambo moja tu duniani, nikamwitikia kwa mdomo wangu, na jua halijazama nikawa nimeshamsaliti.

Majina nimebadilisha. Mimi ni mwanamke wa Tanga, nina miaka arobaini na mbili, nashona mapazia. Mama yangu alifariki nikiwa mdogo, nikalelewa na mdogo wake, ambaye mpaka leo namwita Mama Mdogo. Alikuwa na mtoto mmoja tu wa kumzaa, huyu nitamwita Hamadi. Nilimbeba mgongoni huyo! Mimi ndiye niliyemshika mkono akaandika jina lake mara ya kwanza.

Hamadi alikuwa na kichwa. Akaenda Birmingham, Uingereza, kusomea uinjinia, na alipomaliza akabaki huko huko. Tangu hapo Mama Mdogo hakuwa na hadithi nyingine. Msibani, harusini, kwa muuza samaki: injinia wangu, injinia wangu. Nami nikiharibu pazia la mteja nasikia, "Wenzio wanajenga madaraja Ulaya, wewe hata mshono ulionyooka unakushinda!"

Watu wakicheka, nami nilicheka. Ndani nilikuwa naungua. Leo ndiyo nasema wazi: nilimwonea wivu mtoto niliyemlea.

Mwaka jana Zuhura, rafiki yangu wa tangu shule anayeishi Perry Barr, huko huko Birmingham, alinialika nikakae kwake wiki tatu. Nikampigia Hamadi kwa furaha kubwa.

"Dada, wiki hizo sitakuwepo. Nimetumwa kikazi Scotland," akasema.

Nikaona ananiringia. Injinia, hana muda na mshona mapazia!

Jumamosi moja mchana, Nasra, binti yake Zuhura, akatupeleka mjini kula ramen. Ni tambi za Kijapani, zinaletwa ndani ya supu. Foleni ilianzia mlangoni ikapinda kona, na ile mvua yao isiyonyesha wala isiyoacha inatudondokea.

"Tunalowa hivi kwa ajili ya tambi?" nikauliza.

"Trust me, auntie. It's worth it," Nasra akajibu, yaani nimwamini, hatutajuta. Kiswahili anakisikia vizuri, ila kukijibu ndiyo shughuli.

Bakuli lililetwa kubwa kama la kunawia mikono. Supu ya kuku, na Nasra alishahakikisha ni wa halali, nzito, nyeupe, yai kiini chake laini, na mwani juu. Mwani! Ule ule wanaoulima wenzetu Pemba. Vijiti vilinishinda, tambi zikawa zinarudi bakulini, tukacheka mpaka watu wa meza ya jirani nao wakacheka. Nikatoa simu nikaanza kurekodi. Bakuli, Zuhura, wapishi nyuma ya kaunta. Nilitaka watu wa nyumbani wajue nimefika wapi.

Mlango wa jikoni ukafunguka. Akatoka mwanaume mwenye aproni iliyolowa, kashika beseni, anakusanya bakuli chafu. Alipofika meza ya pili kutoka yetu akainua uso.

Hamadi!

Simu ikaniponyoka ikalala mezani. Yeye hakukimbia. Aliweka beseni chini, akaja akachuchumaa pembeni ya kiti changu kama mtu anayeokota kitu.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Wewe si uko Scotland?"

"Sijawahi kufika Scotland." Aliutupia jicho mlango wa jikoni. "Kazi ya uinjinia nimeitafuta miaka minne, dada, sijaipata. Naosha vyombo hapa. Mama hajui. Nitamwambia mwenyewe, nikienda nyumbani, tukiwa wawili tumekaa. Nisitiri, dada yangu. Nakuomba hilo tu."

"Nitakusitiri, mdogo wangu."

Na wakati ule nilimaanisha, Mungu anajua. Nilimshika mkono, nikaukuta umechubuka vidole vyote. Kisha wakamwita jikoni, akainua beseni akaenda.

Zuhura aliniangalia. "Kazi ni kazi. Sisi wote huku tumepitia hapo. Ila hiyo video ifute."

"Nimeshafuta," nikasema. Muongo mkubwa mimi!

Kwenye basi la kurudi Perry Barr niliifungua tena. Kumbe simu iliendelea kurekodi pale mezani. Baada ya Hamadi kutokea na beseni lake, picha ilikuwa ya dari tu, lakini sauti zote zilikuwemo, yake akiomba na yangu nikiahidi. Nikaisikiliza mara tatu. Hapo shetani... hapana, nisimsingizie shetani. Nilikuwa mimi. Nilikumbuka kila siku niliyosimangwa kwa jina la Hamadi, na badala ya huruma nikasikia raha. Raha!

Nikamtumia shoga yangu mmoja Tanga. Mmoja tu. Nikaandika chini: "Injinia wetu huyo, anajenga madaraja ya bakuli." Nikaweka vikatuni vya kucheka. Halafu nikaongeza, "Usimwonyeshe mtu." Mimi niliyeshindwa kuificha siri ya damu yangu, nataka jirani anifichie!

Siku ya tatu video ilikuwa kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Mama Mdogo hana simu ya kufungua mambo hayo. Alionyeshwa harusini, katikati ya wanawake waliovaa sare, na mtu aliyemwekea simu mkononi akamuuliza, "Bibi, injinia ni huyu?"

Nimesimuliwa kwamba aliitazama yote mpaka mwisho, mpaka kwenye dari, akasikiliza. Akarudisha simu. Akasema, "Anayeomba ni mwanangu. Na anayeahidi naye ni mwanangu." Akachukua mkoba wake akaondoka bila kula.

Hamadi alinipigia mara moja. Hakunitukana. Afadhali angenitukana!

"Dada, mama alinipigia. Hakuniuliza kitu, alilia tu. Mimi sasa nitamrudia na uso gani?"

Nilianza kujitetea, eti nilimtumia mtu mmoja. Akakata. Namba yake haikupatikana tena, mpaka leo.

Zuhura alielekezwa na watu wa mgahawani, akaenda mtaa wa Castle Vale, Hamadi alikokuwa amepanga chumba na wenzake. Wakamwambia alibeba begi akaondoka asubuhi, hakusema anakwenda wapi. Kwenye mgahawa nako hakurudi. Mimi mwenyewe, kabla ya safari yangu ya kurudi, nilisimama siku mbili kituo cha mabasi Digbeth nikiangalia nyuso za wasafiri, kana kwamba mtu anayekimbia atapita mbele yangu anisalimie.

Nilirudi Tanga. Mama Mdogo alinifungulia mlango. Hakupiga kelele. Alinitolea chai kwenye vikombe vya wageni, akaketi mbali, akaniuliza habari za safari. Ndivyo tunavyoishi hadi sasa. Nikienda ananikaribisha kama anavyomkaribisha mtu wa mtaa wa pili. Jina langu halitaji. Simu yake ndogo haiachi, anaenda nayo hata msalani, na ikilia anaipokea kabla ya mlio wa pili. Akisikia si Hamadi anasema, "Haya, asante," anaiweka mapajani.

Jamani, nyie mnaosoma, nisikieni! Wivu wa ndugu huanza kama mzaha. Mtu akikupa aibu yake uishike, ishike. Usimwambie hata mmoja, kwa sababu hakuna mmoja. Na hiyo picha unayotaka kuituma watu wacheke, jiulize kwanza nani atakayeitazama bila kucheka.

Wengi mtaniandikia niombe msamaha. Ningeomba. Wa kumwomba sijui yuko nchi gani, sijui kama yu hai.