Mizani ya Zahoro na Jiwe la Swaumu

Zahoro, fundi redio wa Ilala, alikuwa na ugonjwa mmoja: kuamini kwamba mji mzima unampunja. Aliyemkera zaidi ni Tarsis, mwenye bucha la mtaani kwake. Kila akinunua nyama huipima kwa kiganja, kisha huguna. Mwishowe aliapa kuunda mizani yake mwenyewe, ya umeme, isiyojua undugu wala ujirani.

Wiki tatu nzima meza ya chakula ikageuka karakana. Alinunua Kariakoo kile kipande cha chuma kinachohisi uzito, akakiunganisha na kioo cha kikokotoo kibovu. Hata nzi akitua, tarakimu zilisogea. Ikabaki kuifundisha kilo ni nini, na hilo halikumsumbua. Mkewe, Swaumu, aliuza mchele sokoni, na kila jioni alirudi na jiwe lake la kilo, urithi wa marehemu mama yake. Zahoro akaliweka juu ya mizani, akaiambia: hii ndiyo kilo. Nayo ikashika.

Jumamosi asubuhi akaibeba hadi buchani, watu wamejaa. Akanunua kilo ya nyama, akaipima mbele yao. Kioo kikaonyesha gramu elfu moja na themanini.

"Kumbe najipunja mwenyewe, kaka," Tarsis alisema.

Akaleta jiwe lake lenye muhuri wa serikali. Nalo likasoma vilevile, elfu moja na themanini. Zahoro akalikumbuka jiwe la Swaumu, akapata jibu kabla ya wenzake: lile jiwe halikutimia kilo.

"Hii mizani uliipima kwa jiwe la nani?" aliuliza Mama Candida, mkononi ana mfuko wa mchele aliotoka kuununua kwa Swaumu.

Zahoro aliutazama ule mfuko. Mizani ile aliipenda kama mwanawe, lakini Swaumu alikuwa mkewe.

"Mbovu tu hii, mama. Mimi na redio, haya mengine siyajui."

Walimcheka mpaka wakachoka, na aibu ile ilimuuma kwelikweli. Alipokuwa akiifunga kwenye kitambaa, Tarsis akamvuta pembeni.

"Hiyo mbovu niuzie mimi."

Akamuuzia.

Jumamosi iliyofuata alirudi nyumbani na kilo yake ya nyama, iliyopimwa kwa mizani ile ile. Swaumu akaipima kwa kiganja, akaguna.

"Yule Tarsis mwizi," alisema. "Hivi watu hawamwogopi Mungu?"

Zahoro akachukua kisu, akaanza kumenya vitunguu.